Kitanda cha bembea cha mama: anza na kile kitakachokishika juu

Swali lilikuja hivi, nimelifupisha kidogo tu: "Fundi shikamoo. Niko Kigamboni, nyumba yetu ina baraza la mbele, kina chake futi 8 na urefu kama futi 15, mbele kuna nguzo na lenta imepita juu yake, dari ni jipsamu. Mama ana miaka 71 anahamia kwetu, magoti yanamsumbua, na mimi nimeona kwenye simu vile vitanda vya kuning'inia Wamarekani wanaweka barazani nikavipenda sana, nataka nimfanyie kimoja, na wajukuu wanne najua watakipanda tu. Fundi wa hapa mtaani kasema anapiga ndoano nne kwenye dari siku moja kamaliza. Ni sawa? Na nitumie mbao gani, na ni kamba au mnyororo? Na chandarua kinawezekana?"

Marahaba dada yangu. Nianze na huyo fundi wa siku moja maana ndo ananitisha, mwambie asubiri kwanza. Sisemi ni fundi mbaya, pengine kabati anakutengenezea safi kabisa, ila ndoano nne kwenye dari ya jipsamu hapana, hiyo siyo kazi, huo ni mtego. Jipsamu yenyewe haibebi kitu zaidi ya taa, ile blandaringi nyuma yake ni ubao wa mbili kwa mbili uliopigwa misumari, na hata akijidai kapita kote huko kaikamata kenchi, zile mbao zinazobeba paa, bado sikubali, kwa sababu ule ubao wa chini wa kenchi uliwekwa kuzuia paa lisitanuke kuangukia nje, umevutwa huku na huku kama kamba ya kuanikia nguo, haukuwekwa kuning'iniziwa watu watatu katikati. Utapinda. Kwanza utaona jipsamu inachora mstari mwembamba kwenye maungio, watu watasema ni rangi, baada ya miezi bati linaanza kuvuja na hakuna anayekumbuka kwamba chanzo ni kitanda.

Hao Wamarekani uliowaona kwenye simu, sanasana wa majimbo ya kusini, baraza nyingi zao za mbao zina boriti nene zinaonekana wazi juu, mtu anapanda ngazi anaigonga anajua hii hapa. Na wala usidhani ni kitu cha kigeni kwetu pwani. Pembea zipo kwenye nyumba za zamani Lamu na Unguja, Wahindi wa Gujarati nao wana zao za kukaa sebuleni zenye minyororo ya shaba, na zilikaa miaka na miaka kwa sababu dari za nyumba zile ni boriti za mikoko zimepangwa karibu karibu na juu yake mawe na chokaa, yaani ukifunga kamba umefunga kwenye mfupa wa nyumba. Nyumba zetu za sasa mfupa uko kwenye lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya kuta, na kwenye nguzo, pale kwenye dari ni ngozi tu. Kwa hiyo kazi yako ni kuutafuta mfupa, kitanda chenyewe ni kazi rahisi, seremala yeyote anayejua kupiga kitanda cha kawaida atakipiga.

Sasa uzito, tupige hesabu usiniamini kwa mdomo. Fremu ya kuchukua godoro la 3 kwa 6 ikiwa ya mninga na ina egemeo na mikono itakuja kilo 60 na kitu, godoro la inchi 6 weka kilo 7, mama na wewe na shemeji yangu mmekaa mnakunywa chai jioni weka 240 tusibaniane. Hapo una kama kilo 310, sema 320. Lakini hiyo ni bembea imetulia. Watoto wakiisukuma mpaka kamba zikalala nyuzi 60 kutoka wima halafu ikarudi, pale chini inapopita katikati kamba zinabeba mara mbili ya uzito, sio maneno yangu hayo ni fizikia ya sekondari, kwa hiyo 320 inageuka 640. Alafu kuna lile la pili watu wanasahau, kwamba uzito haukai sawasawa kwenye kamba nne. Mtu akikaa pembeni kona moja inabeba zaidi na ile ya mkabala wake inalegea. Mimi kanuni yangu ni kwamba kila kona, yaani kila bolti na kila kamba peke yake, iweze kubeba kitanda kizima na watu wake wote. Ukifuata hiyo hata kimoja kikikatika vingine vinashikilia.

Kwako ningefanya hivi. Toa kipande cha jipsamu upande wa mwisho wa baraza, ule ulio mbali na mlango, upate kuona juu. Utakuta lenta ya ukutani na lenta ya mbele iliyo juu ya nguzo, kati yao futi 8. Laza boriti mbili kutoka lenta hii mpaka ile, zikalie zege kabisa, zisipigwe misumari kwenye kenchi wala zisiguse kenchi. Kila boriti iwe mbao mbili za mbili kwa sita zimebanwa pamoja kwa bolti zikasimama kwa ubavu wake mwembamba, ile inchi sita iwe ndo kimo, usizilaze, ubao uliolala unapinda kama rula. Mbao za dawa za paini zinatosha kabisa huko juu, hazionekani na mchwa hawazigusi, au kama una fundi wa kuchomelea wa karibu weka skwea paipu nzito ya milimita 100 kwa 50. Umbali kati ya boriti na boriti uwe sawa na upana wa kitanda kutoka kamba hadi kamba, tutaufikia. Na uziweke karibu na nguzo kadiri inavyowezekana, siyo katikati ya lenta.

Hapo kuna kosa moja nimeliona kwa mafundi wazuri tu. Bembea haivuti chini peke yake, inavuta na pembeni, inakwenda inarudi inakwenda inarudi, boriti iliyokalia zege tu bila kufungwa itatembea milimita kwa milimita mpaka siku moja iko ukingoni. Kwa hiyo zifunge kwenye lenta kwa vyuma vya pembe na bolti, na katikati ziunganishe boriti zote mbili kwa vipande viwili vya mbao kama ngazi, ili zikisukumwa zisukumwe pamoja. Na kama lenta yako ina ufa, au nguzo zile ni urembo tu wa tofali bila nondo ndani, acha kila kitu uite mtu wa majengo aangalie kwanza, hapo mimi kwa maandishi siwezi kukusaidia.

Mtu ataniuliza, si apige tu zile bolti za kupanuka ndani ya zege ya lenta kutokea chini? Nilishafanya. Zamani kidogo, nyumba ya wageni huko Pangani, baraza lina slebu ya zege nikasema zege ni zege, nikatoboa matundu manne nikapiga bolti za kupanuka nikakaza mpaka spana inalia, tukaning'inia watu watano tukapiga picha. Mwezi wa nne napigiwa simu. Zile bolti zimetengenezwa kushika kwa kujitanua ndani ya tundu, na mzigo unaotikisika kila siku unazilegeza polepole bila kelele, moja ikachomoka na kipande cha zege kama kikombe, kona ikashuka na shemeji wa mwenye nyumba akateleza taratibu kama gunia mpaka sakafuni huku kashika chupa ya chai. Hakuumia, chupa ndo ilikufa. Niliirudia kazi ile kwa hela yangu, tukatoboa slebu mpaka juu, bolti ikapita nzima nzima na juu ikawekewa bamba la chuma la inchi 6 kwa 6, hiyo ipo mpaka leo. Ukiwa unajenga upya ni rahisi zaidi, kabla ya kumwaga zege kunja nondo ya milimita 16 iwe kitanzi, mikia yake ipite juu ya nondo za chini za lenta, umemaliza. Kuanzia siku hiyo chochote kitakachobeba mtu juu ya kichwa cha mtu lazima kipite upande wa pili na kuwa na nati mbili na bamba.

Kwa boriti zako basi ni hivyo hivyo, toboa katikati ya kimo cha boriti? Hapana, toboa kutoka juu kwenda chini, pale kwenye maungio ya mbao mbili, bolti ya milimita 12 yenye jicho upande wa chini, juu washa pana na nati mbili moja ikikaza nyingine. Jicho liwe limefungwa kabisa, limechomelewa, siyo ndoano iliyo wazi kama ya buchani, bembea ikirushwa juu kidogo kamba inajichomoa yenyewe.

Na Kigamboni dada yangu ni chumvi. Vile vyuma vinavyong'aa dukani vimepakwa zinki nyembamba kama rangi ya kucha, mwaka mmoja wa upepo wa bahari vinatoa machozi ya kutu kwenye jipsamu yako nyeupe. Tafuta vile vilivyochovywa kwenye zinki, vina rangi ya kijivu iliyofifia na vinakwaruza kidogo, au kama mfuko unaruhusu stenlesi, na kuna stenlesi za aina mbili madukani, omba 316 ndo ya baharini.

Kamba au mnyororo. Mnyororo wa milimita 8 uliochovywa zinki una nguvu kupita mahitaji yako, hauvutiki, na unarekebisha urefu kwa kuruka pete moja. Ubaya wake ni baridi, unabana vidole vya watoto, na unalia. Kamba ni nzuri kwa macho na kwa mkono, ila kamba gani? Wengi wanakimbilia katani, na mimi niko Tanga siwezi kuisema vibaya katani, mkonge umekuja hapa toka 1893 na umetulisha, lakini katani ikinyeshewa na kukauka mara kwa mara inaoza kwa ndani huku nje bado inapendeza, na huo ndo ubaya, haikuambii. Ile ya plastiki ya rangi ya bluu tunayoita manila inaliwa na jua, ukiipitisha mkono inakuachia unga, ukiona unga tu itupe. Nailoni ina nguvu lakini inavutika, unapanda kitanda kiko juu unashuka kiko chini. Chukua poliesta, ile ya boti, milimita 16 au 18, haivutiki sana na jua inalivumilia. Fundo linapunguza nguvu ya kamba, theluthi mpaka nusu, kwa hiyo badala ya kufunga mafundo makubwa makubwa nenda ferry pale au kwa wavuvi wa huko kwenu mtafute mzee anayejua kusuka jicho la kamba, anaifungua zile nyuzi tatu anazirudisha ndani ya mwili wa kamba yenyewe mara tano sita, na ndani ya jicho anaweka kile kipande cha chuma kilichokunjwa kufuata jicho ili kamba isisuguane na bolti. Dakika ishirini kwa kila jicho, na ni raha kumwangalia.

Mimi kwangu nimechanganya, mnyororo kipande kifupi juu pale kwenye msuguano na wa kurekebisha kimo, halafu kamba kuanzia usawa wa kichwa kushuka chini ambako mikono inafika. Kuviunganisha tumia kile kipete cha chuma chenye umbo la U na pini ya kusokota, pini uifunge na kiwaya isijisokotoe. Zile ndoano ndogo za kubana za mabegi na funguo, hata iwe nene vipi, hapana.

Tukija kwenye kitanda sasa, siri ni moja, fremu isining'inie kwenye skrubu. Nimeona watu wanapiga bolti ubavuni mwa fremu wanafunga kamba hapo, maana yake uzito wote unakaa kwenye maungio ya kona. Weka chini ya kitanda mbao mbili za mbili kwa nne zimesimama, zinakatiza upana, kila moja kama futi moja kutoka kichwani na miguuni, na zitokeze nje ya fremu inchi 4 kila upande. Kamba zinashika ncha za hizo mbao, zinapita tundu lililotobolewa katikati kutoka juu kwenda chini na kufungwa kwa chini juu ya washa pana. Kitanda kinakuwa kimekaa juu ya mbao hizo kama mtungi kwenye kata. Hata gundi iachie, hata skrubu zitoke zote, kitanda bado kimekaa. Na hapo ndo unapata ule umbali wa boriti za juu, maana kamba lazima zishuke wima. Ukizitanua kwa nje zionekane za kupendeza kila kamba inabeba zaidi, nyuzi 45 kutoka wima karibu mara moja na nusu, nyuzi 60 mara mbili. Na usikubali zile kamba mbili za kila upande zikutane kwenye jicho moja juu, ni nzuri kwa bembea ya kukaa, kwa kitanda mama akikaa ukingoni kinainama kama mtumbwi. Kamba nne wima zinakiacha kitanda kikae tambarare hata kikipembea.

Mbao, kama unaipata mninga nunua mninga, siyo nzito sana na haichezi cheza ikikauka. Mtiki wa mashamba ya Longuza kule Muheza nao mzuri sana kwa nje, una mafuta yake. Mkongo ni mgumu na mzuri ila ni mzito na wewe hutaki uzito. Mvule nao unafaa. Paini ya dawa itabeba, ila ile dawa ya kijani sitaki mama alale juu yake uso kwa uso, itumie chini na juu tu. Fremu ya mbili kwa sita, chaga za moja kwa nne zikiachana inchi mbili ili godoro lipumue, kona zote zipigwe randa na msasa mpaka ziwe mviringo kwa sababu kitanda kinachotembea kinagonga magoti na vichwa vya watoto. Vanishi ya kung'aa kwa nje inabanduka kama ngozi ya nyoka, paka mafuta ya mbao, kila mwaka unarudia mwenyewe na tambara. Na kama mvua za masika zinaingia barazani kwako fikiria kuacha godoro ukasuka kamba kama kitanda cha zamani, ile teremka tukaze, maji yanapita yanaondoka, ila ujiandae, jina lake halikutolewa bure.

Nilikuambia uweke mwisho wa baraza na nina maana yake. Kilaze kichwa kiwe ukutani na miguu kwenye nguzo za mbele, futi 8 zako zinatosha kwa kitanda cha futi 6 na nusu, halafu kinapembea kuelekea urefu wa baraza ambako kuna nafasi. Ukikiweka sambamba na ukuta utagonga ukuta na miguu ya wapita njia. Acha angalau futi tatu mbele na nyuma bila meza wala chungu cha maua. Na kamba zako zitakuwa karibu mita 2 na nusu, hiyo ni raha, bembea ya urefu huo inakwenda na kurudi kwa sekunde tatu, pole pole kama mtu anayepumua usingizini. Watu wanaofunga kwa kamba fupi ya mita moja inakwenda na kurudi kwa sekunde mbili, hiyo inaleta kichefuchefu, mama atakipenda siku ya kwanza tu.

Na mama ndo mwenyewe wa kitanda, hili nimeliacha makusudi. Mtu mwenye magoti mabovu hawezi kukaa kwenye kitu kinachokimbia nyuma akikigusa. Anarudi kinyumenyume, anakaa, kitanda kinaondoka, anakaa sakafuni, na kwa umri wake nyonga ikivunjika ni habari nyingine. Kwa hiyo weka kifungo, pete moja chini ya kitanda upande wa nje na nyingine kwenye nguzo au sakafuni, kati yake kamnyororo kafupi kenye ndoano, na kila upande kamoja. Kawaida kitanda kiwe kimefungwa, anayetaka kupembea ndo afungue. Juu ya godoro mtu akishakaa iwe kama inchi 19 au 20 kutoka sakafuni, mpime mama mwenyewe kwenye kiti anachoinuka bila kusaidiwa ufuate kimo hicho, na upande anaokalia weka mkono wa mbao imara wa kujishika. Fundi wako akikuambia inchi 14 ndo fasheni mwambie fasheni haina magoti.

Kabla hajakaa mtu kijaribu. Azima mifuko ya saruji saba ya kilo 50 kwa jirani anayejenga, panga juu taratibu, ukiwa umekifunga juu kidogo ya kimo unachotaka maana kamba mpya lazima zitashuka, inchi mbili hivi. Weka alama ya penseli kwenye nguzo usawa wa fremu, lala, asubuhi angalia. Kamba kushuka ni kawaida, rekebisha. Boriti ikiwa imepinda au kuna vumbi jipya la zege sakafuni, hiyo siyo kawaida. Halafu toa mifuko, kipembeze mtupu usikilize. Kikilia kwii kwii ni chuma kwa chuma, grisi kidogo itakinyamazisha, lakini pale pale panapolia ndo panapolika, kwa hiyo acha mlango mdogo kwenye jipsamu usawa wa kila bolti uwe unachungulia kila baada ya miezi mitatu, ukiona jicho limeanza kulika badilisha.

Uliuliza mwishoni kama chandarua kinawezekana. Kinawezekana, ila kisifungwe darini, kifunge kwenye kamba zenyewe nne ili kitembee pamoja na kitanda, na pindo lake lifumbatwe chini ya godoro lisining'inie, wale wajukuu wanne najua wataanza kwa kulivuta.